Bahari si Lualaba

Kila mwaka siku za konje zinapokaribia, jamaa nyingi za wafanyakazi zinafunga mizigo. Wengine wanarudi mijini kwa wazee wao. Wengine wanakwenda Kalemie kupunga upepo wa ziwa. Lakini wako pia wale wanaofika mbali zaidi, mpaka kwenye bahari. Mmoja ana ndugu Matadi ao Boma, na pamoja wanashuka mpaka Muanda. Mwingine ana shemeji dereva wa makamyoni ya shaba, anamfuata Dar es Salaam. Watoto wanaona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wanapiga kelele, wanavua viatu, wanakimbia. Baba anawafuata, naye anavua shati. Hakuna bendera, hakuna mlinzi, hakuna kibanda. Ni mchanga tu, na maji mpaka mwisho wa macho.

Ni hapo tunapotaka kukusimamisha kidogo, ndugu msomaji. Kwa maana baba huyu anajiamini. Amekulia kando ya Lualaba, ao Luapula, ao Lufira. Tangu utoto anavuka mto kwa kuogelea, na wenzake wote wanamjua kwa hiyo. Mtu asiyejua kuogelea anaingia mpaka magotini, anaogopa, anarudi. Huyu anayejua ndiye anayekwenda mbele. Sisi ni yeye tunayemwogopea.

Sikia habari ya mtu mmoja mkubwa. Siku ya Mungu, tarehe 17 Desemba 1967, Harold Holt, aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa Australia, alikwenda na rafiki wachache pwani inayoitwa Cheviot Beach, karibu na Portsea, kusini mwa inchi ile. Alikuwa na miaka 59. Alipenda bahari kupita kiasi: alizoea kupiga mbizi na kuwinda samaki chini ya maji kwa mkuki, na pwani ile aliijua tangu miaka mingi. Siku hiyo maji yalikuwa yamechafuka, mawimbi makubwa. Rafiki zake karibu wote walikaa juu ya mchanga. Mmoja aliingia pamoja naye lakini hakwenda mbali. Alisikia maji yanamvuta miguu, akarudi. Holt yeye akaendelea kuogelea. Wale wa nchi kavu waliona maji yanamchukua, anakuwa mbali zaidi na zaidi, kisha maji yakachemka juu yake na hawakumwona tena. Wapiga mbizi wa jeshi, mashua na helikopta walimtafuta siku nyingi. Maiti yake haikuonekana mpaka leo. Watu walitunga hadithi nyingi juu ya kifo chake, hata ya kwamba alichukuliwa na chombo cha vita cha chini ya bahari, lakini mwaka 2005 mwamuzi wa vifo wa jimbo la Victoria alikata neno: alikufa maji, kwa ajali. Katika mji wa Melbourne kuna piscine yenye jina lake. Kila mtu awaze hapo anavyotaka.

Basi, kama Waziri wa Kwanza aliyeijua pwani kama uwanja wa nyumba yake alichukuliwa namna hii, mimi na wewe tuliofika jana na gari moshi ao kamyo, tuseme nini?

Maji yanayorudi

Mtoni maji yanakwenda upande mmoja, na kila mtu anaona ni upande gani. Ukichoka, mto unakushusha, lakini ukingo uko pale pale kushoto na kuume. Baharini mambo ni mengine. Mawimbi yanaleta maji mpaka mchangani, moja nyuma ya lingine, bila kupumzika. Maji haya yote hayawezi kukaa yamerundikana pale, sharti yarudi. Nawe mfanyakazi wa mgodi unajua tabia ya maji: yanatafuta mahali pa chini. Chini ya mawimbi kuna matuta ya mchanga, na kati ya matuta kuna mifereji. Maji yanakusanyika katika mfereji na kutoka nayo kwa nguvu kuelekea bahari kubwa, kama maji ya shimo yanavyokimbilia pampu. Huo tuuite mkondo wa kurudi. Pengine una upana wa meta chache tu, pengine makumi ya meta.

Na hapa kuna mtego. Mahali mkondo unapopita, mara nyingi mawimbi hayavunjiki, kwa sababu pale chini ni pa kina. Kushoto unaona povu jeupe, kuume unaona povu jeupe, na katikati kuna njia iliyotulia, laini, yenye rangi ya giza. Mgeni anasema: "Watoto, twende pale, pale maji ni mapole." Anawapeleka ndani ya mlango wenyewe.

Nguvu yake ni kiasi gani? Mara nyingi inakwenda nusu meta kwa sekunde moja. Lakini siku mbaya inaweza kupita meta 2 kwa sekunde. Sasa, waogeleaji wenye mbio kuliko wote duniani wanamaliza meta 50 kwa sekunde kama 21, maana yake meta 2 na kidogo kwa sekunde, na wanafanya hivyo kwa meta 50 tu, ndani ya piscine isiyo na wimbi. Basi mwenye kusema "mimi nina nguvu" ajipime.

Lakini sikia vizuri neno hili, kwa maana ni hilo linaloponya: mkondo wa kurudi hauvuti mtu chini. Watu wengi wanasadiki kwamba kuna kitu kinachowashika miguu na kuwazamisha, na wengine wanatia hapo mamba-muntu na hadithi za wazee. Hapana. Mkondo unamchukua mtu juu ya maji, unampeleka nje kupita pale mawimbi yanapovunjika, na kule unapoteza nguvu. Kinachomwua ni kazi anayofanya mwenyewe. Anageuza uso kuelekea mchanga, anaona mke wake amesimama pale na nguo mkononi, anaogelea kwa nguvu zote kumfuata. Anainua kichwa: mke amekuwa mbali zaidi. Hofu inaingia. Anaongeza nguvu, anameza maji, pumzi inakatika. Amepigana na bahari dakika chache tu, na imekwisha.

Ukishikwa

Acha kupigana. Geuka, lala juu ya mgongo, peleka kichwa nyuma mpaka masikio yawe ndani ya maji, panua mikono, vuta pumzi. Mapafu yenye hewa yanakubeba. Tena maji ya chumvi yanabeba mtu vizuri kuliko maji ya mto. Ukisha kupata pumzi, inua mkono mmoja na kuita. Usione haya kuita. Wanaume wengi wamekufa kwa sababu ya haya.

Kisha tazama unapelekwa wapi. Kama una nguvu, usielekee mchanga moja kwa moja. Ogelea kwa ubavu, pwani ikiwa upande wako wa kushoto ao wa kuume, ukitafuta mahali mawimbi yanapovunjika na povu. Penye povu ndipo penye tuta la mchanga, maji ni machache, na mawimbi yenyewe yatakusukuma kurudi. Ukiona upande mmoja unakushinda, jaribu upande mwingine. Na kama huna nguvu, endelea kuelea tu. Wataalamu walitia vyombo vinavyoelea ndani ya mikondo hii, huko California na inchi nyingine, wakaona kwamba vingi vilizunguka na kurudi penyewe kwenye maji machache katika dakika chache. Vingine vilikwenda nje, ni kweli. Kila pwani ina tabia yake. Lakini mtu anayeelea ana wakati. Anayepigana hana.

Hakuna anayejifunza kulala juu ya maji siku ya hatari. Jifunze mapema, mahali maji yanafika kiunoni, mwenzako akiweka mkono chini ya mgongo wako. Siku ya kwanza utazama matako. Siku ya tatu utaelea.

Mtu wa pili

Sasa tufike kwenye neno linalotuuma zaidi, maana tunalijua kutoka kazini. Mwenzako ameshuka ndani ya tanki ao ndani ya shimo la zamani lenye hewa mbaya. Anaanguka. Wewe unamwona, ni rafiki yako, umekula naye bukari miaka kumi. Unaruka kumtoa, nawe unaanguka juu yake. Wa tatu anakuja. Kwa sababu hiyo kapita na watu wa sekurite wanarudia kila juma: usishuke bila chombo cha kupumulia na kamba. Tunalijua neno hili kwa kichwa.

Baharini tunalisahau. Mtoto anachukuliwa, baba anaruka na suruali yake. Mara nyingi mtoto anaokoka, na baba ndiye anayebaki. Ao kaka anamfuata kaka, na mama mmoja analia vifo viwili. Si hadithi ya kutisha watu. Inatokea kila mwaka katika pwani za inchi nyingi. Mtu anayezama hana akili tena: atakayemkaribia atamkumbatia shingoni na kumpanda kichwani kama ngazi, hata kama ni mke wake.

Kwa hiyo, kwenye pwani isiyo na mlinzi, mlinzi ni wewe, na chombo chako ni bidoni. Bidoni ya lita 20, ile ile ya kuchotea maji nyumbani, ikiwa tupu na kifuniko kimefungwa vizuri, inabeba mtu mzima anayeishika kifuani. Funga kamba ya meta 20 ao 30 kwenye mkono wake. Acha maji kidogo chini, kama kopo moja, ili iwe na uzito na iruke mbali unapoitupa. Bei yake haifiki bei ya chupa za bia utakazokunywa siku hiyo. Ikiwa kuna mpira wa ndani wa gurudumu la kamyo, ni vizuri vilevile. Mtu mmoja mzima, asiyelewa, akae mchangani na bidoni karibu, macho juu ya maji, wakati wengine wanaoga. Mbadilishane, kama zamu kazini.

Mwenzako akichukuliwa, kazi ya huyu wa mchangani ni kumpigia kelele: "Lala mgongo! Usipigane!" Kumtupia bidoni. Kutuma mtu mbio kwa wavuvi wenye mashua. Na kutoondoa macho juu yake, amwonyeshe kwa mkono bila kushusha, kwa sababu kichwa cha mtu kati ya mawimbi kinapotea upesi. Kama umekata shauri kuingia hata hivyo, na tunajua kwamba mzazi ataingia, basi usiingie mikono mitupu. Msukumie bidoni, ikae kati yako na yeye. Ashike bidoni, asikushike wewe.

Kabla ya kuvua viatu

Inchi yetu ina pwani fupi, kama kilometa 40 tu, upande wa Muanda na Banana. Maji yale ni ndugu yetu kwa namna fulani: Lualaba inayopita karibu na Kolwezi na Bukama ndiyo inayokuwa mto Kongo, na huko Banana inaingia baharini na kumwaga, kwa wastani, meta za ujazo kama 40,000 kila sekunde. Hakuna mwogeleaji mbele ya kitu cha namna hiyo. Kando ya mlango wa mto usiogelee hata kidogo, hata kama juu yake ni laini kama mafuta. Na kwa sababu mto unaleta udongo, maji ya Muanda mara nyingi si ya buluu kama ya picha za kalenda. Ni ya rangi ya kahawa. Huoni chini, huoni kina, na ile alama ya njia ya giza kati ya povu inakuwa ngumu kuitambua. Basi tazama povu lenyewe linakwenda wapi. Tupa kipande cha mti. Kikirudi miguuni pako, vizuri. Kikikimbilia nje, umeokota habari bila kulowa. Fanya hivi kwa dakika kumi, mahali palipoinuka kidogo, lakini usisimame ukingoni kabisa mwa ile miamba ya udongo ya Muanda, maana bahari inaila chini na inabomoka.

Kisha uliza wavuvi. Wewe wa Lubumbashi ao Likasi, pengine Kikongo hukijui, lakini Lingala kidogo ao Kifaransa kitakusaidia. Uliza wapi watoto wao wanaoga, na wapi hawaogi. Swali hili la pili ndilo lenye faida. Mvuvi akikuambia "pale hapana", usimwombe sababu.

Dar es Salaam kuna jambo lingine, ambalo mtu wa ziwa halijui: maji kujaa na maji kupwa. Mara mbili kwa siku bahari inarudi nyuma na mara mbili inakuja tena, na siku za mwezi mpevu ao mwezi mpya tofauti inapita meta 3 kwenda juu. Asubuhi unatembea kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga mbali, unaokota makombe, watoto wanacheza. Saa tatu baadaye kati yako na nchi kavu kuna maji ya kukupita kichwa. Wenyeji wanajua saa zake. Uliza kabla ya kutembea. Na vaa viatu vya plastiki, kwa sababu ya wale wadudu wa bahari wenye miiba myeusi.

Wako wanaosema usiogelee ukiwa umeshiba. Ukishiba sana utakuwa mzito, ndiyo, lakini si chakula kinachojaza makaburi. Ni pombe. Aliyekunywa bia tatu haoni mbali, hajui kuwa amechoka, na anataka kuwaonyesha mashemeji kwamba yeye ni mwanaume. Kuoga kwanza, kunywa baadaye, na aliyekwisha kunywa akae na mizigo.

Mama, neno kwako

Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani. Mmoja katika kila wanne alikuwa mtoto asiyetimiza miaka 5. Na mtoto anayezama hapigi kelele, wala hapungi mkono kama katika sinema. Mdomo wake uko kwenye maji, hana pumzi ya kuita. Anasimama wima, kichwa kinakwenda nyuma, nywele usoni, kimya, na chini ya dakika moja ameshuka. Mama aliyekaa meta kumi anasuka nywele za dada yake hatasikia kitu. Kwa hiyo mtoto mdogo akiwa kwenye maji, awe karibu hata mkono wako umfikie bila wewe kupiga hatua. Usimpe mtoto mwingine wa miaka minane kazi hiyo. Hata katika maji ya magotini wimbi linaloondoka linamwangusha na kumkokota.

Akitolewa

Mtu ametolewa, hajibu, hapumui. Tunawaona watu wakimwinamisha kichwa chini, wakimkamua tumbo ili maji yatoke. Msifanye hivyo, mnapoteza dakika ambazo hana, na matapishi yanaingia mapafuni. Anachokosa ni hewa. Mlaze juu ya mgongo, mahali pagumu. Inua kidevu, kichwa kielekee nyuma, ziba pua, weka mdomo wako juu ya mdomo wake na mpulizie mara 5, ukiona kifua kinapanda. Kama bado hana uhai, weka mikono miwili katikati ya kifua na sukuma kwa nguvu mara 30, kifua cha mtu mzima kishuke sentimeta 5, kwa mwendo wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2, kisha 30 tena. Endelea, mkibadilishana, mpaka apumue ao msaada ufike. Akianza kupumua, mlaze kwa ubavu na kumfunika. Wale mliojifunza huduma ya kwanza kazini, hapo ndipo cheti chenu kina kazi.

Na hata akiamka, akisema "niko mzima, nataka kwenda nyumbani", mpelekeni kwa munganga siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumrudia baada ya saa kadhaa, anakohoa, pumzi inakuwa fupi. Katika pwani ya mbali, ulizeni siku ya kufika hospitali iko wapi na gari linapatikana kwa nani, wakati kila mtu bado anacheka.

Wale wanaokwenda konje mwezi ujao, hapo mjini kuna wakati wa kutosha wa kujifunza kuelea, ninyi na watoto wenu. Na bidoni, ifungeni juu ya mzigo kabisa, pamoja na kamba yake, isije ikazikwa chini ya mifuko ya unga.